Kuongeza bendi kwenye redio ya wati 5: kazi iko kwenye koili, si kwenye kioo

Waliokulia kwenye nyumba yenye redio ya mkulima wanakijua kitasa cha SW1 na SW2. Usiku unazungusha, stesheni za mbali zinaingia zenyewe. Asubuhi unarudi palepale, hakuna kitu, mchakacho mtupu. Redio haijaharibika. Mita bendi ile imelala na nyingine imeamka, na msikilizaji mzoefu alikuwa anajua saa ya kuhama.

Leo tunataka kufanya jambo hilohilo kwenye redio inayopokea na kurusha, yaani transiva. Tena ile ndogo ya wati 5 ambayo mtu anaiunga mwenyewe mezani kutoka kwenye seti ya vipuri. Nyingi ya seti hizi huja na bendi moja tu. Ukishamaliza kuiunga, ukasikia mtu wa kwanza, haipiti wiki unaanza kujiuliza: bendi ya pili naiongezaje?

Jibu fupi ni hili. Kwenye kioo cha redio, kuhamia bendi nyingine ni kubonyeza vitufe tu. Kwenye koili, ni kazi ya siku nzima pamoja na hesabu kidogo. Ukifanya ya kwanza ukaacha ya pili, redio bado itarusha. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kwa nini bendi moja haitoshi

Chukua Rugera, huku kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa. Ni pande ambazo ukisogea karibu na mpaka, simu inakukaribisha nchi jirani kabla hujavuka. Vilima vizuri kwa kahawa na migomba, lakini kwa redio za masafa ya juu sana, kama zile za mkononi, ni ukuta. Mawimbi yake husafiri karibu mstari ulionyooka, na kilima kikikaa katikati, mazungumzo yameisha.

Mawimbi ya kati ya megahezi 3 na 30, ndiyo yale ya SW, yana njia nyingine. Yanapanda hadi kwenye ionosfia, tabaka za juu za anga ambako mwanga wa jua umeng'oa elektroni kwenye atomu, kisha yanapindishwa na kurudi chini. Kilima hakina la kusema hapo, maana wimbi limepita juu yake. Ndiyo maana zamani simu za upepo za polisi na za hospitali za misheni ziliweza kuongea na miji ya mbali bila mnara wowote katikati. Shirika la AMREF, lililoanzishwa 1957, lilitumia redio za namna hii kuunganisha vituo vya afya vya vijijini Afrika Mashariki na madaktari wake wa ndege.

Shida ni kwamba ionosfia haina hali moja. Inafuata jua. Tuangalie bendi tatu za redio ya ridhaa kutoka Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe.

Mita 40 (megahezi 7.0 hadi 7.2). Mchana ni bendi ya ujirani. Wimbi unalirusha karibu wima, linarudi kama mvua juu ya eneo lote: Mwanza (takribani kilomita 230 kwa mstari ulionyooka), Kampala (260), hata Dodoma (730). Usiku wa manane elektroni zimepungua, wimbi la wima linapenya na kupotea angani. Walio karibu hawakusikii tena, wakati wa mbali wanakusikia.

Mita 80 (megahezi 3.5 hadi 3.8). Hii ndiyo inayookoa mawasiliano ya karibu usiku na alfajiri. Mchana inamezwa. Tabaka la chini la ionosfia hunyonya mawimbi, na unyonyaji huo hupungua kwa takribani mraba wa masafa. Kwa hiyo kama mita 40 inapoteza desibeli 10, mita 80 katika njia ileile inapoteza karibu 40. Ongeza na radi. Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi za usiku duniani, na kila radi ni mchakacho kwenye mita 80. Wati 5 kwenye mchakacho huo zinataka uvumilivu.

Mita 20 (megahezi 14.0 hadi 14.35). Bendi ya safari ndefu za mchana: Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika Kusini. Lakini wimbi lake halirudi likirushwa wima, linarudi likienda kwa mshazari. Matokeo yake kuna eneo la ukimya kukuzunguka. Unaweza kuongea na mtu wa London na usimsikie wa Mwanza.

Kwa hiyo mwenye bendi moja ana saa zake za kusikika na saa zake za kukaa kimya. Mwenye mbili au tatu ana pa kuhamia.

Redio yenyewe

Mfano wetu utakuwa QCX, kwa sababu inaeleweka kirahisi na imeungwa na watu wengi. Iliundwa na Hans Summers wa QRP Labs kwa ajili ya kambi ya vijana wa redio ya ridhaa iliyofanyika Gilwell Park, Uingereza, Agosti 2017. Vijana walikaa mezani na vipuri, wakatoka na transiva. Inatuma msimbo wa Morse, na hutoa kati ya wati 3 na 5 kutegemea volti za betri. Herufi QRP zenyewe ni lugha ya watu wa Morse, maana yake punguza nguvu.

Wati 5 ni ndogo kuliko balbu nyingi za nyumbani. Redio ya kawaida ya ridhaa hurusha wati 100, mara 20 zaidi. Mara 20 inasikika kama tofauti kubwa, ila kwa desibeli ni 13 tu, na sikio la mpokeaji mara nyingi linavumilia pengo hilo. Kumbuka hoja hii, tutairudia kwa upande wake mbaya.

Ndani ya QCX, sehemu nyingi hazijali bendi. Kuna chipu ya Si5351 inayotengeneza masafa kwa amri ya kompyuta ndogo ya chipu. Ukiiambia megahezi 7 inatoa 7, ukiiambia 14 inatoa 14. Kuna sehemu ya sauti ya mpokeaji, ambayo inashughulika na milio ya herzi 700 na haijui mlio umetoka bendi gani. Kioo, vitufe, kipaza cha sauti, vyote hivyo havina habari.

Sehemu zinazojali bendi ni tatu tu:

1. Koili ya mlango wa mpokeaji, inayochagua bendi ipi iingie.
2. Koili ya transista za mwisho za kurushia.
3. Chujio la kutokea, kati ya transista hizo na antena.

Bendi, basi, inakaa kwenye vitu hivyo vitatu. Tuvipitie kimoja kimoja.

Mlango wa mpokeaji

Hapa kuna pete moja yenye nyaya nne zilizozungushwa juu yake, na kapasita ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi. Ndiyo pete iliyowatoa jasho waungaji wengi wa QCX, maana ukikosea mwelekeo wa waya mmoja mpokeaji anakuwa kiziwi.

Koili na kapasita kwa pamoja vina masafa yao vinayoyapenda, kama ngoma ilivyo na mlio wake. Masafa hayo hutegemea kipeuo cha pili cha koili mara kapasita. Maana yake kwa vitendo: ukitaka kushuka nusu, kutoka megahezi 14 hadi 7, kapasita lazima iwe mara nne, si mara mbili. Kapasita ya bisibisi haifiki huko. Njia nzuri ni kuzungusha pete kwa bendi ya juu, kisha unapotaka bendi ya chini unaongeza kapasita ya kudumu pembeni yake kwa swichi. Kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza.

Ukikosea hapa hakuna anayeumia isipokuwa wewe: husikii vizuri. Ni sehemu salama ya kujifunzia.

Transista za mwisho

QCX hutumia transista tatu za BS170, zile ndogo za bei rahisi, zikisaidiana. Hazipashwi moto sana kwa sababu zinafanya kazi kama swichi, na koili yao imepangwa ili swichi ifungwe wakati volti imeshuka karibu na sifuri. Fikiria kufunga mlango wakati upepo umetulia, hausikii kishindo.

Koili hiyo hupangwa pamoja na uwezo wa kapasita uliomo ndani ya transista zenyewe, kwa bendi moja. Ukipeleka megahezi 14 kwenye koili ya megahezi 7, mlango unafungwa katikati ya upepo. Nguvu inageuka joto, wati zinazotoka zinapungua, na BS170 hazina subira. Ukigusa kidole ukakiondoa haraka, acha kurusha. Kila bendi na koili yake.

Chujio: hapa ndipo hasa

Transista inayofanya kazi kama swichi haitoi wimbi laini. Inatoa wimbi la pembe, na wimbi la pembe ni mkusanyiko wa mawimbi mengi: lile ulilotaka, la mara mbili yake, la mara tatu, na kuendelea. Hayo ya ziada yanaitwa hamoniki. Kazi ya chujio ni kupitisha la kwanza na kuzuia mengine.

Chujio la QCX lina koili tatu na kapasita nne, kwa kufuatana. Vipimo vinavyotumika sana vinatokana na michoro ya Ed Wetherhold wa Marekani, iliyosambazwa na klabu ya GQRP ya Uingereza:

Mita 40: kapasita za pembeni pikofaradi 270, za kati 680, koili za mizunguko 21, 24 na 21.
Mita 20: kapasita za pembeni pikofaradi 180, za kati 390, koili za mizunguko 16, 17 na 16.

Koili zote hizi huzungushwa kwenye pete ya unga wa chuma ya T37-6, yenye rangi ya njano na upana wa milimita 9.5. Pete hiyo ina kanuni nyepesi: zidisha mizunguko kwa mizunguko, kisha mara 3, unapata nanohenri. Mizunguko 21 ni 21 × 21 × 3, yaani 1,323. Mizunguko 16 ni 768. Unaona kwamba masafa yalipopanda mara mbili, koili imeshuka karibu nusu, na kapasita za kati vilevile. Huo ndio moyo wa hesabu nzima. Ukikutana na pete nyekundu, T37-2, kanuni ni ileile ila unazidisha kwa 4 badala ya 3. Usichanganye rangi.

Mambo matatu huwakosesha watu hapa.

La kwanza ni kuhesabu. Waya ukipita ndani ya tundu mara moja, huo ni mzunguko mmoja tayari, hata kama haujazunguka kitu. Hesabu ndani ya tundu, si nje.

La pili ni rangi ya waya. Waya huu wa shaba umepakwa rangi ya kuhami. Usipoikwangua au kuiunguza vizuri kwenye ncha, risasi inaonekana imeshika kumbe imekaa juu ya rangi. Pima kwa mita kabla ya kuwasha.

La tatu ni kapasita. Ubao wa televisheni mbovu kwa fundi una kapasita nyingi, lakini si zote zinazofaa. Unataka zile zinazoandikwa C0G au NP0, ambazo thamani yake haiyumbi na joto. Nyingine zitapata moto na kukuharibia chujio taratibu.

Pete zikikosekana kabisa? Ashhar Farhan wa India, alipobuni redio yake ya BITX mwanzoni mwa miaka ya 2000, alizungusha koili kwenye washa za bomba la maji, kwa sababu washa zinapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Inawezekana. Ila washa haina chuma ndani, kwa hiyo mizunguko inakuwa mingi zaidi na hesabu za hapo juu hazifai. Utapima kila koili.

Upande mbaya wa wati 5

Sasa tuseme umeunga mita 20, ikakubali. Usiku mmoja unataka kuongea na walio karibu, unabonyeza vitufe hadi kilohezi 3,767, ndani ya mita 80. Kioo kinakubali. Unarusha. Mtu anakujibu! Unalala na furaha.

Kilichotokea ni hiki. Chujio lako bado ni la mita 20. Linapitisha kila kitu hadi juu kidogo ya megahezi 14. Hamoniki ya tatu ya 3,767 ni kilohezi 11,301, na imepita bila kuulizwa.

Kilohezi 11,300 ni mojawapo ya masafa ambayo ndege zinazopita anga la Afrika Mashariki huongea na vituo vya kuongozea ndege, hasa zikiwa mbali na redio za karibu. Umegonga mlango usio wako, na hujui, kwa sababu wewe na rafiki yako mlikuwa mnasikilizana kwenye 3,767.

Mtu atasema, wati 5 tu, na hamoniki yenyewe ni sehemu ndogo ya hizo. Haya, tuseme hamoniki iko desibeli 20 chini. Hiyo ni wati 0.05. Kidogo?

Hapo ndipo tunarudi kwenye hoja ya mwanzo. Duniani kuna mtandao wa vituo 18 vya kupimia mawimbi, vinavyosimamiwa kwa ushirikiano wa NCDXF na IARU. Kenya imo, kwa alama ya wito 5Z4B. Kila kituo, zamu yake ikifika, hutaja alama yake kwa Morse, kisha hupiga mlio mrefu wa wati 100, unaofuata wati 10, kisha wati 1, na wa mwisho wati 0.1. Hali ya anga ikiwa nzuri, watu wa bara jingine huusikia hata huo wa mwisho.

Raha yote ya redio ndogo ni kwamba nguvu kidogo inafika mbali. Basi hatuwezi kujisifu kwamba wati 5 zimefika Ulaya, halafu tuseme wati 0.05 za hamoniki hazifiki popote. Anga halijui ipi ni ishara na ipi ni uchafu. Linabeba vyote.

Marekani, kwa mfano, inataka uchafu wa redio za aina hii uwe chini ya ishara kwa angalau desibeli 43. Kwa wati 5, hiyo ni karibu miliwati 0.25. Chujio sahihi, lililoungwa vizuri, linafikia hapo. Chujio la bendi nyingine halifiki.

Namna ya kubadilisha

Kuna njia tatu za kuwa na bendi zaidi ya moja.

Kadi za kuchomeka. Unaunga chujio na koili ya transista kwenye kipande cha ubao chenye pini, kila bendi na kadi yake. Ukitaka kuhama unachomoa, unachomeka. Ni polepole, lakini haina cha kuharibika, haili umeme, na hakuna namna chujio mbili zikachanganyika. Kwa anayeanza, hii ndiyo tunayoipendekeza.

Swichi ya mkono. Haraka zaidi, ila nyaya zake ziwe fupi sana. Waya wa sentimita 10 kwenye masafa haya ni koili nyingine ambayo hukuihesabu.

Rilei. Kitufe kimoja na bendi imehama. Gharama yake ni umeme. Rilei ndogo ya volti 12 hula karibu miliampia 12, na utahitaji angalau mbili, yaani 24. QCX ikisikiliza inakula takribani miliampia 110. Kwa betri ya ampia-saa 7 inayochajiwa na sola, utatoka kwenye saa kama 63 za kusikiliza hadi kama 52. Si haba, ila ujue.

Rilei ina mtego mwingine, na mfano wake ni redio maarufu kabisa. Mwisho wa 2017 Ashhar Farhan alitoa uBITX, redio ya bei nafuu inayoshika bendi zote kutoka megahezi 3 hadi 30 kwa machujio manne yanayobadilishwa na rilei. Mwaka 2018 watumiaji walioipima kwa vyombo waligundua kwamba baadhi ya hamoniki zilikuwa kali kuliko inavyotakiwa. Machujio yenyewe hayakuwa na kosa. Tatizo ni kwamba mlango wa kuingilia na wa kutokea wa chujio vilipita ndani ya rilei moja, miguu yao ikiwa milimita chache tu kati yao, na uchafu ukawa unaruka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupitia chujio. Ni kama kuweka geti zuri kisha ukaacha uzio una tundu. Mpangilio ulibadilishwa kwenye matoleo ya baadaye, na jumuiya nzima ilijifunza. Somo kwetu: rilei ya kuingilia iwe peke yake, ya kutokea peke yake, na ziwe mbalimbali kwenye ubao.

Kupima kabla ya antena

Usipime kwa antena. Tengeneza mzigo bandia: chukua rezista 20 za omu 1,000 za robo wati, ziunge zote sambamba. Omu 1,000 gawa kwa 20 ni omu 50, na robo wati mara 20 ni wati 5. Ni sawasawa na tunachotaka, kwa bei ya soda chache. Rezista ziwe za kaboni au za utando, si za waya uliozungushwa, maana hizo ni koili.

Weka diodi na kapasita ndogo upime volti ya kilele. Wati ni volti hiyo mara yenyewe, gawa kwa 100. Ukisoma volti 22, ni karibu wati 5. Ukiona bendi mpya inatoa wati 1 wakati ya zamani inatoa 4, rudi kwenye koili ya transista na uhesabu mizunguko upya.

Kwa hamoniki, kifaa kizuri ni tinySA, kinachoonyesha kila masafa yanayotoka; weka tu kipunguza nguvu katikati usije ukakiunguza. NanoVNA nayo hupima chujio lenyewe hata kabla hujaliunga kwenye redio: unaona kwa macho linapitisha hadi wapi na linaanza kukata wapi. Vyote viwili vinaenea kiganjani, na kimoja kinaweza kutumiwa na klabu nzima ya shule au chuo. Usipokuwa navyo, azima redio ya pili yenye SW, iweke chumba kingine, rusha kwenye mzigo bandia na usikilize kwenye mara mbili na mara tatu ya masafa yako. Haikupi desibeli, lakini chujio likikosekana kabisa utajua.

Antena na yenyewe

Bendi mpya inataka waya wake. Kanuni ya antena ya nusu wimbi: 143 gawa kwa megahezi, unapata urefu wa jumla kwa mita. Kwa megahezi 7.03 ni mita 20.3, yaani 10.2 kila upande. Kwa 14.06 ni mita 10.2, yaani 5.1 kila upande. Unaweza kufunga jozi zote mbili kwenye kebo ileile, zikiachana kama vidole, kati ya miti miwili ya mikaratusi. Kila bendi itachagua waya wake. Acha waya uwe mrefu kidogo mwanzoni, ukate taratibu. Kurefusha waya uliokatwa ni kazi ya kuudhi.

Anza kwa kusikiliza

Kurusha Tanzania kunahitaji leseni kutoka TCRA, na alama za wito za hapa huanza na 5H. Masharti ya leseni ndiyo yanayosema bendi zipi na nguvu kiasi gani, si kioo cha redio. Wakati unasubiri leseni, bendi yako mpya ya mita 20 ina kazi nzuri tayari.

Weka megahezi 14.100. Ni hapo vile vituo 18 vinapopokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Tafuta 5Z4B. Ikiwa iko hewani na huisikii, usikimbilie kulaumu pete yako: Nairobi iko kama kilomita 630 kutoka Kayanga, na inaweza kuwa ndani ya eneo la ukimya. Subiri ZS6DN ya Afrika Kusini au 4X6TU ya Israeli. Ukizisikia hizo na Kenya huisikii, mpokeaji wako ni mzima na umejionea ionosfia ikifanya kazi, hapo mezani, kwa saa ya ukutani na sikio lako.

Kisha hesabu milio. Ukisikia mmoja, umesikia wati 100. Miwili, umesikia 10. Siku utakayosikia wa nne, wa wati 0.1, kutoka nchi nyingine, rudi kwenye ubao wako na uangalie tena ni chujio gani limechomekwa.